Boti ya Asubuhi

Ujiji, 26 Aprili 2023

Kaka Dismasi,

Salamu zangu zikufikie huko Kagunga, wewe na mama yako. Mimi ni Mwanakombo, mke wa Haruna Rashidi, yule muuza vitenge wa hapa Ujiji anayecheka kabla hajamaliza utani wake mwenyewe. Uliwahi kutupiga picha ya Idi, mimi na binti yetu Ikram, ukamfokea mtoto asipepese macho. Labda hapo utanikumbuka. Dada yako Verediana ndiye aliyeniambia kuwa simu huna, na kwamba barua akiishika Feliksi wa boti huwa inakufika.

Sitazunguka. Jumamosi tarehe nne Februari Haruna aliondoka nyumbani alfajiri kwenda Kibirizi, apande boti ya Kagunga awahi soko la Jumapili. Siku hiyo ziliondoka boti mbili. Ya asubuhi ilifika salama. Ya mchana ilizama, na hilo unalijua kuliko mimi. Haruna alikuwa na mizigo ya kupitia mjini kwanza, kwa hiyo sijui alipanda ipi. Simu yake haijaita tangu siku hiyo. Mwili wake haukuonekana. Orodha ya abiria wanasema haikuwapo, au ilikuwapo ikazama na mwandishi wake.

Sasa kila mtu ana lake. Yona muuza viatu anaapa alimwona Haruna sokoni Kagunga ile Jumapili, lakini ukimbana anakubali kwamba aliona mgongo. Shemeji yangu Jumanne anasema mdogo wake ana mwanamke Rumonge, ng'ambo ya mpaka, na kwamba amekwenda kukaa. Nilikwenda kwa sheikh nikamwuliza, mimi ni nani? Akaniambia mume aliyepotea si mume aliyekufa. Bila shahidi hawezi kunikalisha eda, ile miezi minne na siku kumi ya mjane, na bila talaka hawezi kuniita mtalaka. Idi imepita nimevaa nguo mpya bila kujua kama naruhusiwa kuivaa.

Watu wote wanakumbuka jambo moja, kwamba siku ile ulikuwa Kibirizi na kamera yako. Kawaida yako tunaijua: unawapiga abiria wakiwa wamekaa kwenye boti, wakirudi unawauzia picha. Verediana amenipa kamera. Kioo cha nyuma kimevunjika, hakionyeshi kitu. Kadi haimo, anasema siku zile uliisahau studio, kwa hiyo picha zimeingia kwenye kumbukumbu ya ndani ya kamera yenyewe, na njia ya kuzitoa ni waya tu.

Kompyuta yako bado ipo kwenye kile chumba, ingawa studio sasa ni saluni na Verediana anaitumia kuchezea nyimbo za kwaya. Mimi nachapa barua za watu steshenari, kompyuta siziogopi. Lakini hii yako haina Windows, ina hiyo Linux, na hainijui. Nimechomeka waya, kikatokea kialama cha kamera. Nikibofya, kinazunguka, kisha kinaniambia hakifunguki.

Nakuomba mambo mawili. Niambie namna ya kuzitoa hizo picha. Na niambie, siku ile ulipiga boti ipi? Kama Haruna amekufa, nataka nimlilie kwa taratibu zake. Kama yu hai, nataka nimtukane. Hivi nilivyo siwezi lolote kati ya hayo.

Mwanakombo, mama Ikram


Kagunga, 5 Mei 2023

Mama Ikram,

Barua yako nimeipata. Mama anakusalimu, anasema mwakeye. Nakukumbuka, na mtoto namkumbuka. Alipepesa macho katika picha zote nane.

Simu niliiuza mwezi wa pili. Kila ilipolia alikuwa mtu anauliza ndugu yake. Nilikuja huku kwa miguu, milimani, siku ya tatu baada ya ajali, kwa kuwa maji yalikuwa yanawatoa watu ufukweni na wenyeji walitaka wapigwe picha kabla ya kuzikwa, ili jamaa zao waje kuwatambua. Nilipiga kwa hiyo simu. Ishirini na wawili. Mumeo hakuwa miongoni mwao, ningemjua. Baada ya hapo sijashika kitu chenye lenzi na boti sipandi. Ndiyo maana siji mwenyewe.

Ulichouliza: siku ile nilipiga boti zote mbili, ya asubuhi na ya mchana. Nani alikuwa katika ipi, sikumbuki. Watu walikuwa wengi.

Kuzitoa ni hivi. Nunua betri ndogo mbili mpya, zile za rimoti. Zilizomo zitakuwa zimekwisha. Waya sahihi umo kwenye kopo la maziwa juu ya kabati, ule mfupi mweusi. Zungusha gurudumu la kamera mpaka kwenye alama ya pembetatu, ya kutazama picha. Ukiiacha kwenye alama ya kupiga, haitazungumza na kompyuta. Chomeka, kisha iwashe. Usihangaike na kile kialama, kwa kamera yangu hakijawahi kufunguka. Fungua dirisha jeusi la kuandikia amri. Andika:

gphoto2 --auto-detect

Ikiiona kamera, itaitaja kwa jina. Kisha andika:

gphoto2 --get-all-files

Zitakuja zote, moja moja. Neno la siri la kompyuta Verediana analijua.

Lakini nakushauri, mama Ikram, ufikiri kwanza. Picha ukishaiona huwezi kuirudisha.

Dismasi


Ujiji, 14 Mei 2023

Kaka Dismasi,

Ushauri wako nimeusoma nikauweka kando. Nimeshafikiri miezi mitatu, zaidi ya hapo ni kujitesa.

Betri nimenunua. Waya ulikuwamo kwenye kopo, pamoja na mende mmoja aliyekauka. Gurudumu kwenye pembetatu, kamera ikalia kidogo na taa yake ndogo ya kijani ikawaka. Verediana aliacha kichwa cha mteja nusu kimesukwa akaja kusimama nyuma yangu, na mteja naye akaja.

Amri ya kwanza ilikubali. Ikaandika jina la kamera na mlango wa USB iliko. Tulishangilia kama watu wenye akili ndogo. Nikaandika ya pili, herufi kwa herufi kama ulivyoiandika. Ikanijibu mistari mirefu ya Kiingereza ambayo kwa Kiswahili changu cha steshenari ni kwamba kompyuta imeshindwa kuishika kamera.

Nimejaribu mara kumi na moja kwa siku mbili. Nimechomoa, nimezima, nimewasha, nimehamisha waya kwenye tundu la nyuma. Jibu ni lile lile. Kuna hatua gani nimeikosa? Wewe ndiye fundi, mimi ni mtu wa kuchapa.

Nikwambie pia kilichotokea. Jumanne alikuja juzi kunitaka radhi, eti nisimchukie kwa kusema mambo ya Rumonge. Nikamwambia simchukii. Halafu nikalia mbele yake, jambo ambalo sikulitaka. Sijui nalia kifo au nalia wivu. Mtu anapaswa kujua analilia nini.

Nasubiri jibu. Feliksi ameniambia atakupa mkononi.

Mama Ikram


Kagunga, 23 Mei 2023

Mama Ikram,

Hiyo ni dalili kwamba kamera imeharibika ndani. Siku ile iliangushwa, kuna bwana alinishika shati pale Kibirizi jioni, habari zilipofika. Kamera ikikataa hivyo hakuna la kufanya.

Iache. Mwachie Mungu.

Dismasi


Ujiji, 27 Mei 2023

Dismasi,

Kamera iliyokufa haitaji jina lake. Hii inataja, kila nikiiuliza. Usinifanye mjinga.

Nilimsomea Verediana barua yako. Akasema, "Kaka yangu anadanganya. Mimi nilimwona miaka kumi akitoa picha kwenye hiyo kamera, na kabla ya kuandika ile amri kuna kitu alikuwa anakifanya na mausi. Sikuwahi kukitazama." Basi. Dada yako wa tumbo moja ndiye aliyesema.

Kama hutaki nizione, andika kwamba hutaki, na uniambie kwa nini. Mimi sikukuuliza kama picha ni nzuri. Ikram ameanza kusema shuleni kwamba baba yake ni nahodha yuko Zambia. Mwalimu ameniita. Mtoto wa miaka tisa amejitungia baba, kwa kuwa sisi wakubwa tumeshindwa kumpa habari moja ya kweli.

Mwogope Mungu wako.

Mwanakombo


Kagunga, 6 Juni 2023

Mama Ikram,

Umesema kweli, na Verediana amesema kweli. Kuna hatua moja niliiacha kwa makusudi.

Ukichomeka kamera, ile Linux inaikamata yenyewe kabla hujaandika lolote. Kile kialama kinachotokea ndicho ushahidi: kompyuta imeshaishika kamera kwa mkono mmoja, kwa hiyo amri yako ikija kuishika kwa mkono wa pili, inakataliwa. Hakuna kilichoharibika. Elekeza mausi kwenye kialama, bofya kitufe cha kulia, itajitokeza orodha, chagua neno linalosema Unmount. Kialama kitaachia. Usichomoe waya. Hapo ndipo uandike amri ya pili. Zitakuja.

Sababu uliyoitaka ni hii. Boti ya mchana ilikuwa tayari kuondoka, kamba zimefunguliwa. Mimi nikapaza sauti, nikamwambia nahodha asubiri kidogo nipate picha. Watu walikuwa wanatazama huku na huku. Nikawapanga. Wewe geuka, wewe sogea, mama funika mtoto jua. Robo saa nzima, labda zaidi, na nahodha alinivumilia kwa kuwa tunajuana. Upepo uliwakuta kabla kidogo hawajafikia ghuba ya kujificha. Nimepiga hesabu hiyo kila siku. Robo saa ingewatosha.

Sikutaka mtu yeyote aione picha hiyo. Nisamehe kwa kukupotezea muda.

Dismasi


Ujiji, 15 Juni 2023

Kaka Dismasi,

Zimetoka!

Barua yako niliipata Jumamosi, lakini betri zilikuwa zimekwisha kwa majaribio yangu na duka zima la jirani hazikuwamo. Nimezipata jana mjini. Nimefanya ulivyosema. Kialama kikaachia, amri ikakubali, zikaanza kushuka moja moja, kumi na nne kwa jumla. Harusi, harusi, mtoto wa ubatizo, halafu boti.

Nimemwona, Dismasi. Amekaa upande wa kushoto, karibu na mashine, mzigo wa vitenge miguuni, amevaa lile shati la mistari nililolipiga pasi mwenyewe. Picha haina mwanga mzuri lakini ni yeye, nisingekosea. Pembeni yake kuna mwanamke. Kijana, amejifunga kitenge cha kijani, amemwegemea bega kabisa. Anacheka. Haruna naye anacheka.

Nikafanya jambo ambalo steshenari tunalifanya kila siku kwa picha za watu: nikafungua sifa za picha nione ilipigwa lini. Tarehe nne Februari, 08:52. Nikahesabu kwa vidole ingawa nahesabu saa hizi kila siku. Saa mbili na dakika hamsini na mbili, asubuhi. Boti ya asubuhi!

Yu hai. Yona muuza viatu hakusema uongo, alimwona mgongo kweli. Jumanne hakusema uongo. Mume wangu ameshuka Kagunga, amevuka mpaka na huyo mwanamke wake wa kitenge cha kijani, na ameona ni rahisi nidhani amekufa maji. Nimelia, lakini kilio hiki nakijua jina. Nimemlaani, nimemshukuru Mungu, vyote kwa pumzi moja. Nimemwambia Ikram baba yako yupo, ametukosea, lakini yupo. Mtoto ameomba baba apelekewe daftari lake la shule akaone maksi.

Jumanne anaondoka Jumatatu kwenda Rumonge na picha hii niliyoichapa. Atapita kwenu Kagunga; mpe maji ya kunywa. Na mimi, Shadia binti wa jirani yangu anaolewa wiki ya Idi ya Kuchinja. Nilikuwa nimesema siendi. Sasa nakwenda. Nitapaka hina mpaka viwikoni, watu waone kwamba sijafiwa.

Usijisumbue tena na robo saa yako. Kwangu mimi picha yako imenirudishia mtu. Mungu akulipe.

Mama Ikram


Kagunga, 20 Julai 2023

Mama Ikram,

Barua yako ya furaha nimekaa nayo mwezi mzima na siku kadhaa. Nimeanza kukujibu mara nyingi.

Shemeji yako Jumanne alipita hapa. Alikaa uani kwetu, akala ugali na mgebuka, akatoa picha. Aliniambia atampata mdogo wake hata kwa kugonga mlango mmoja mmoja. Mimi nilimtazama nikanyamaza. Akavuka. Lakini mama alikuwa ameiona picha. Jumanne alipoondoka, mama akaniambia: "Yule wa kitenge cha kijani ni Marcelina wa kwa Eliakimu. Tumemzika hapo juu. Usipoandika wewe, nitamtuma Feliksi akaseme kwa mdomo." Kila jioni ananiuliza, umeandika? Leo naandika.

Saa ya kamera yangu ni ya Kiswahili.

Nilipoinunua, ilinitaka niweke saa. Nikatazama saa ya ukutani kama ninavyoisoma: ilikuwa saa nne asubuhi, nikaweka nne. Sikuwaza Kizungu. Baadaye nilijua, lakini sikubadili, kwa kuwa picha zangu nilizichapa na saa chini yake, na Ujiji nzima wakisoma 8:00 wanasema saa nane, na wako sahihi. Hakuna aliyewahi kulalamika. Wewe uliisoma kama wasomi wa kompyuta wanavyosoma. 08:52 ya kamera yangu ni saa nane na dakika hamsini na mbili, mchana.

Kama huniamini, na sina haki ya kuaminiwa, fungua picha ya kwanza ya harusi. Ilikuwa usiku, saa tatu na dakika kumi, taa zinawaka. Sifa zake zitakuambia 15:10, ambayo kwa kompyuta ni alasiri.

Jambo la pili. Nilikuandikia kwamba nilipiga boti zote mbili. Uongo. Asubuhi ile sikuwapo Kibirizi, nilikuwa nimelala. Boti niliyoipiga ni moja tu. Kila aliyenipigia simu nilimwambia zote mbili, ili abaki na nusu ya tumaini. Niliona ni huruma. Nikalizoea, na ulipoandika wewe, kalamu iliandika hivyo yenyewe. Siku ya barua yako ya kwanza nilijua Haruna alikuwa katika boti ya mchana. Namkumbuka. Alinitania, akasema nikimpiga vibaya hatalipa.

Jambo la tatu. Marcelina alikuwa anarudi kwao kutoka kuuza mafuta ya mawese. Mumeo hakumjua. Walikuwa wamekaa mbali, katikati yao pana nafasi ya mtu mmoja, na picha ilikuwa inaonyesha pengo. Mimi ndiye niliyemwambia, wewe dada wa kijani, msogelee huyo bwana, mwegemee, hakung'ati. Ndiyo maana wanacheka. Ni mimi niliyewachekesha.

Haruna hakukuacha. Alikuwa anakwenda sokoni.

Dismasi


Ujiji, 2 Agosti 2023

Dismasi,

Barua yako imefika Jumamosi. Nimekwenda saluni, nikafungua picha ya harusi. Taa zinawaka, 15:10. Nikafungua ya boti. Sasa naona ambacho mtoto yeyote wa Ujiji angekiona: nyuso zao ni za giza kwa sababu jua liko nyuma yao, ziwani. Asubuhi jua haliko ziwani. Nimeitazama picha hiyo mwezi na nusu, na kila nilipoitazama nilikuwa natazama bega la yule dada. Mungu amrehemu. Nilimwombea mabaya ambayo sitayaandika hapa.

Nikaenda kwa sheikh na barua yako mkononi. Nikamwambia shahidi amepatikana, Haruna amekufa, nikalishe eda. Akaomba dua, akalia kidogo, ni mtu mzima na alimpenda Haruna. Kisha akahesabu kwa vidole, Rajabu, Shabani, Ramadhani, Mfungo Mosi, Mfungo Pili. Akaniambia, "Mwanangu, eda huhesabiwa tangu siku ya kufa, si siku ya habari. Yako ilianza tarehe nne Februari. Imekwisha tangu kumi na mbili Juni. Huna deni nayo, uko huru." Nikamwambia, lakini sikuikaa hata siku moja. Akasema hailipwi kama saumu. Imepita.

Tarehe kumi na mbili Juni nilikuwa natafuta betri.

Nimehesabu na mimi. Ungeniandikia kweli tarehe tano Mei, zilikuwa zimebaki siku thelathini na nane. Toa siku za Feliksi njiani, ningepata mwezi. Mwezi mmoja wa kukaa ndani na kaniki yangu, wanawake waje, wakae na mimi, waniambie pole. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia pole, Dismasi. Kwa hao mimi ni mke aliyekimbiwa. Mwezi huo niliumaliza nabishana na kompyuta yako kuhusu hatua uliyoificha. Halafu Idi ya Kuchinja nikapaka hina mpaka viwikoni nikacheza kwenye harusi ya Shadia, na nilicheza sana, wanawake wakanitunza. Mume wangu akiwa chini ya maji hayo hayo yanayoonekana kutoka ule ua wa harusi.

Kuhusu robo saa yako ya Kibirizi, upepo ni wa Mungu na mimi siwezi kukuhukumu kwa upepo. Lakini zile siku thelathini na nane zilikuwa zangu. Hukuniuliza kama naitaka hiyo nusu ya tumaini.

Jumanne bado yuko Rumonge, anaonyesha picha mlango kwa mlango. Simu yake huko haishiki. Wewe uko karibu naye kuliko mimi, na ulimtazama akivuka. Nenda kwa miguu kama ulivyokwenda Kagunga, umtafute, umwambie mwenyewe. Ni hilo tu ninalokutaka, na usipolifanya utaniona kwenye hiyo boti usiyoipanda.

Leo asubuhi nimemwambia Ikram. Aliniuliza kama hii ndiyo habari ya mwisho au kuna nyingine. Steshenari nimeaga. Verediana amenisaidia kukwangua hina iliyobaki kwenye kucha, ametumia wembe, ametumia ndimu, bado kidogo inaonekana. Nimevaa kaniki. Sheikh anasema haihesabiwi, basi isihesabiwe. Nitakaa miezi minne na siku kumi kuanzia leo. Mlango umefungwa, na wanawake watatu tayari wameshapiga hodi kunipa pole.

Mwanamke aliye edani haandikiani na mwanamume wa nje. Barua hii Verediana ndiye atakayempa Feliksi. Usijibu. Barua yako ikija, itarudishwa kwenye boti bila kufunguliwa.

Mwanakombo, mjane wa Haruna